Bomba Nyuma ya Mlango wa Jikoni

Sijawahi kumsimulia mtu mmoja kisa hiki chote. Mwashi anajua nusu. Mwalimu anajua nusu nyingine. Mimi nimezibeba zote mbili, na mabega yamechoka.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimetoka kuzibua choo cha duka la dawa, nafunga mkoba wa vifaa nirudi nyumbani, simu ikalia. Sauti ya mwanamke mtu mzima, imenyooka kama rula.

"Wewe ndiye fundi wa mabomba?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nina bomba la zamani. Linatoa maji kidogo, na linagonga. Njoo leo."

Nikamwambia jioni imeshaingia, nitapita kesho asubuhi. Kila mtu anajua kesho ya fundi ilivyo ndefu. Naye alijua.

"Asubuhi halisikiki," akasema. "Njoo kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Ukichelewa utakuta nimeshafunga."

Siku nyingine ningekataa. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa na cha kuwahi. Mke wangu alikuwa na miaka minne kaburini. Watoto hatukujaliwa. Nyumbani kulikuwa na viti viwili, kimoja nakikalia, kingine nakifuta vumbi kila Jumapili, na koki ya jikoni inayodondoka mwezi wa tatu sasa. Kinyozi hajinyoi. Mtaani wananiita Fundi Spana. Marehemu alikuwa akiniita Kimya, maana naweza kushinda kutwa bila kutoa neno. Ni yeye tu aliyeniita hivyo, tena tukiwa wawili, mlango umefungwa.

Nikaenda.

Nyumba yenyewe ilikuwa imebanwa katikati ya maghorofa mawili mapya, fupi, nene, rangi imeshiba moshi wa miaka. Mwenye nyumba alinifungulia kabla sijabisha. Mama wa kama miaka sabini, mwembamba, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niite Mwalimu, wote wananiita hivyo. Ingia, unaingiza mbu."

Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na tano, akaniambia tukiwa bado ukumbini. Huku ananiambia, anafunga mlango nyuma yangu. Ufunguo mara mbili. Komeo la juu. Komeo la chini. Halafu akachukua nondo iliyoegemezwa ukutani, akaipitisha kwenye vishikio viwili kama watu wanavyofunga ghala.

Nje bado kulikuwa na mwanga. Nilisikia watu wakipita wanacheka.

Nikasema moyoni, mama anaishi peke yake, ana haki ya kuogopa. Nikaanza kazi.

Nyumba ya zamani ni kama mzee mgonjwa. Anakulalamikia goti, ukichunguza unakuta tatizo ni kiuno. Nilianzia bafuni. Rangi ya ukuta ilikuwa imevimba malengelenge, dalili kwamba bomba lililofukiwa ndani linatokwa jasho. Nikafungua koki ya sinki: ikakohoa, ikatema maji ya rangi ya chai, ndipo ikatoa uzi mwembamba wa maji. Nikamweleza kwamba mabomba ya chuma yakikaa miaka hamsini kutu huota kwa ndani, kama ukoko kwenye sufuria. Tundu lililopitisha kidole gumba linabaki la kupitisha kalamu.

"Haya mabomba yamechoka, Mwalimu. Ukiziba hapa yatapasukia pale. Dawa ni kuyang'oa yote, tuweke ya plastiki."

"Yote?"

"Yote."

Akavua miwani, akaivaa tena. "Hilo tutaliongea. Kwanza njoo ulione lenyewe."

Akanipeleka jikoni, akavuta mlango kuelekea kwake, tukatazama nyuma yake.

Palikuwa na bomba moja limetoka sakafuni, limenyooka hadi usawa wa goti, na juu yake koki ya shaba. Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa kimefifia, lakini koki ile iling'aa kama kitasa cha benki. Chini yake hapakuwa na ndoo wala beseni. Palikuwa na mkeka mdogo, umechakaa mahali pawili tu, sawa kwa sawa.

Mahali pa magoti.

Nikaifungua. Uzi wa maji, mwembamba kuliko wa bafuni. Nikaweka kidole.

Maji yalikuwa vuguvugu.

Nikarudi bafuni ilipo koki kuu inayoleta maji nyumba nzima, nikaifunga hadi mwisho. Nikafungua koki ya sinki la bafuni: ikalia kidogo, ikafa. Bomba la kuogea likafa. Sinki la jikoni likafa.

La nyuma ya mlango likaendelea kutiririka.

"Una tangi juu ya dari?"

"Sina."

"Kisima?"

"Hapajawahi kuwa na kisima hapa, fundi. Baba alijenga kwenye kiwanja kikavu."

Nikapiga magoti, nikamulika tochi. Bomba lile halikuungana na jingine lolote. Lilizama moja kwa moja kwenye saruji. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii sijawahi kuona bomba linalotoa maji yasiyotoka popote.

Ndipo likagonga.

Ko.

Ko.

Ko.

Taratibu. Kama mtu anayegonga kwa kifundo cha kidole, hataki kuwaamsha wengine.

Nikajikohoza. "Hiyo ni kawaida," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza kwa wembamba. "Jua likizama chuma kinapoa, kinajikunyata, ndiyo maana kinalia jioni. Vibano vikilegea..."

Mwalimu akainua kidole kimoja. Nadhani ndivyo alivyokuwa akinyamazisha watoto sitini darasani.

Akashuka kwenye mkeka. Magoti yakaingia mahali pake. Akasogeza mdomo kwenye koki.

"Nipo, Mama," akanong'ona. "Nimefunga milango yote."

Maji yakakatika.

Harufu ikaja. Mafuta ya nywele, yale ya kopo yaliyokuwa yakitumiwa na mama zetu, matamu, mazito. Na chini ya utamu ule, udongo uliolowa. Koki ikatoa pumzi ndefu. Sikusikia neno, nilisikia hewa tu ikipanda na kushuka. Lakini Mwalimu alikuwa akisikiliza na kutikisa kichwa, na uso wake... sijui niusemeje. Mikunjo ilikuwapo, mvi zilikuwapo. Tabasamu lilikuwa la mtoto wa miaka tisa.

Hewa ikaisha. Mwalimu akashikilia mlango akainuka.

"Umesikia jinsi alivyofifia," akasema. "Zamani nilimsikia nikiwa chumbani kwangu. Sasa hivi hata neno halikamiliki. Mimi sikukuita ulinyamazishe bomba, fundi. Nimekuita ulizibue."

*

Alinipa kiti na kikombe cha chai. Chai sikuinywa, maana nilikuwa nikijiuliza maji yake yametoka koki ipi.

Alinieleza bila haraka, kama anayesoma imla.

Mama yake alikufa yeye ana miaka tisa. Mtoto akagoma kula. Siku ya kumi na moja hakuweza kusimama. Baba alikuwa karani, mtu wa kalamu na karatasi, mambo ya gizani hayamhusu. Lakini mtoto ni mmoja, na alikuwa anazimika mbele ya macho yake. Shangazi akaja na mtu. Mtu huyo hakutaja jina lake wala hakuketi. Aliuliza swali moja: kuna kitu gani cha marehemu ambacho hakikuzikwa?

Shangazi alikuwa ameficha msuko mmoja wa nywele.

"Walichimba hapo, baba na yule mtu," Mwalimu akasema, akitazama sakafu. "Mimi nilikuwa nimelala pale penye jiko, nawaona. Baba mwenyewe ndiye aliyeshika bomba likisimama. Jioni ile Mama akaniita. Nikala."

"Na anakwambia nini?"

"Ananiuliza kama nimefunga mlango. Ananiambia nisitoke, giza linaingia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Miaka sitini na mmoja."

Nikahesabu kimoyomoyo, na nikaona maisha yale yote yakipita mbele yangu kama nguo kwenye kamba. Akaniambia alipata wachumba wawili. Wa kwanza alipewa uhamisho, akataka waondoke wote. Wa pili alikuwa mtu mwema, hakutaka makuu, alitaka tu jioni moja moja watembee wote barabarani kupunga upepo. Mwalimu hakuweza hata hilo. Hajawahi kulala nje ya nyumba ile. Taa za barabarani amezijua kwa kuzichungulia dirishani.

"Na mzee wako, yeye alimsikia?"

"Aliinama pale mara moja tu, juma lile lile. Akasikiliza. Halafu akainuka, akatoka, na hakuingia tena jikoni humu mpaka anakufa. Chakula nilimpelekea sebuleni."

"Alisikia nini?"

"Hakusema." Akafunika kikombe changu kwa kisahani. "Na mafundi waliokutangulia hawakusema pia. Wewe ni wa nne. Wa tatu aliacha spana yake hapo dirishani. Ni mwaka sasa, hajarudi kuichukua."

Fundi haachi spana. Fundi anaweza kuacha mke, spana hawezi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angebeba mkoba wake. Nami nilitaka, nisiseme uongo. Lakini yule mama alinitazama, na ndani ya macho yale nikaona kitu nilichokifahamu vizuri sana. Kile kinachokufanya uache taa ya ukumbini ikiwaka ili ukirudi uone kama kuna mtu. Nikamwonea huruma. Au nilijionea mwenyewe. Nikachukua spana.

Bomba lilikuwa na kiungo, shubiri moja juu ya sakafu. Kutu ilikuwa imekishika kama gundi. Nikapaka mafuta, nikasubiri, nikabana kwa spana mbili, nikajitupa kwa uzito wangu wote. Kikalia. Kikageuka.

Harufu ya mafuta ya nywele ikanijaa kooni.

Nikaiondoa sehemu ya juu, nikamulika ndani ya ile ya chini.

Nywele.

Kukuta nywele kwenye bomba si ajabu kwa mtu wa kazi yangu. Kila bomba la maji machafu linazo, nimezivuta nyingi kuliko kinyozi. Lakini hili lilikuwa bomba la kuleta maji. Na nywele hizi hazikuwa zimenasa. Zilikuwa zimesimama, nyeusi, zinang'aa, zimesukwa msuko mmoja mzuri ulioshikana, umelijaza bomba lote. Huo ndio uliokuwa umeliziba. Umenenepa.

Nikaukamata kwa koleo, nikavuta polepole. Ukaja. Urefu wa mkono mmoja. Mikono miwili. Ukawa unajikunja kwenye ndoo niliyoiweka kando, una uvuguvugu, haukuwa na mwisho.

Halafu kitu kule chini kikavuta.

Hakikuvuta kwa nguvu. Mtu akisukwa, ukimbana nywele, anarudisha kichwa kidogo. Ndivyo kilivyovuta.

Koleo ikanitoka mkononi. Nikataka kupiga kelele, na ningepiga, kama nisingesikia jina langu.

"Kimya..."

Ilitoka ndani ya bomba, chini chini, imechoka kidogo, kama alivyokuwa akiongea tukishazima taa.

"Kimya, umekula?"

Sijui nilifikaje kwenye mkeka. Najua sikio langu lilikuwa juu ya mdomo wa bomba, na chuma kilikuwa na joto la shavu.

"Bado," nikamjibu.

"Utakula saa ngapi? Kaa hapa. Usirudi kule, kule hakuna mtu."

"Sirudi," nikasema.

Niliongea. Mimi ambaye watu wananidhania bubu. Nilimwambia habari ya kiti chake, kwamba bado nakifuta. Nilimwambia jinsi nilivyochelewa hospitali siku ile kwa sababu ya bomba la mtu lililopasuka. Akaniambia haina neno. Akaniambia nikae. Akaniambia tena. Nilisikia baridi ikinipanda miguuni, nikaona jikoni kunaanza giza, na hakuna hata kimoja kilichonihusu. Kama ningeachwa ningekuwa pale hadi leo.

Mkono ukanigusa bega.

"Amekwambia nini?"

Nikageuza kichwa. Mwalimu alikuwa amesimama juu yangu, amekumbatia sweta yake kifuani. Sauti yake ilikuwa na wivu, wivu mtupu, wa mtoto aliyemkuta mwenzake mapajani mwa mama yake.

"Ni mke wangu," nikasema. Machozi yalikuwa yananitiririka, sikuyafuta. "Ni mke wangu, Mwalimu."

Akanitazama.

Nikaona lile neno likimwingia. Liliingia taratibu, kama maji yanavyoingia ukutani, huoni kitu, huoni kitu, halafu rangi inavimba.

"Mama yangu," akasema, "alikufa wewe hujazaliwa. Mke wako hakumjua."

Akapiga magoti upande wa pili wa bomba. Hakusogeza mdomo karibu kama mwanzo. Alikaa wima, mikono mapajani, na alipoongea ilikuwa ni sauti ya darasani.

"Mama. Nilikuuliza mengi nilipokuwa mdogo, ukayajibu yote. Leo nakuuliza lile ambalo mimi mwenyewe silijui, na hakuna mwingine wa kuniambia. Mimi nilizaliwa mchana au usiku?"

Tone moja likaanguka mahali fulani chini sana.

"Mama. Mchana, au usiku?"

Bomba likavuta pumzi. Nami nikasikia sasa, neno kwa neno, wazi.

"Umefunga... mlango?"

Haikuwa sauti ya mke wangu. Haikuwa sauti ya mwanamke, wala ya mwanaume. Ilikuwa ni sauti ya kitu kinachorudia maneno kiliyofundishwa.

Mwalimu akafumba macho. Midomo yake ilicheza. Nadhani alikuwa akihesabu miaka.

"Kata," akasema.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Nilijua. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Msumeno ulikuwa karibu na goti langu. Nikasema:

"Subiri kidogo, Mwalimu. Kidogo tu."

Hakunigombeza. Aliinuka, akavuta droo, akarudi na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Akaushika ule msuko kwa mkono wa kushoto, pale unapotokea kwenye bomba, akaupitishia mkasi. Haukukatika mara moja. Ulikatika uzi kwa uzi, kwa sauti ya kamba iliyolowa, na kwa kila uzi yeye alisema kitu kwa ndani, sikukisikia, sikutaka kukisikia.

Ukakatika.

Kipande cha chini kikarudi ndani ya bomba. Polepole, kama ulimi unaorudi kinywani.

"Kim..."

Hapo akili ikanirudia. Nikazungusha tepu kwenye uzi wa bomba, ile mikato ya kufungia, nikatia kizibo cha chuma, nikakaza. Nikakaza mpaka spana ikaniteleza na kunichuna ngozi ya vidole. Ndani kuligongwa mara moja.

Halafu basi.

Nimefanya kazi katika nyumba nyingi usiku, watu wamelala. Zote huwa na sauti yake, mbao, bati, panya. Ile ilikuwa imenyamaza kama mtu aliyeambiwa habari mbaya.

Mwalimu aliweka mkasi juu ya meza. Akaenda ukumbini. Nikasikia nondo ikitolewa, komeo la chini, komeo la juu, ufunguo mara mbili. Nikamfuata kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu na lile bomba.

Nilimkuta amesimama barabarani, pekupeku, mikono imelegea. Giza lilikuwa limekwisha kuingia. Watu walikuwa wanatoka kazini, wanampita bila kumjali. Alikuwa ameinua uso, anatazama taa ya barabarani.

"Kumbe wadudu wanazizunguka hivi," akasema.

Tukasimama pale muda mrefu.

*

Asubuhi alinipigia simu. Alikuwa amekwenda kumwaga ile ndoo, hakukuta nywele. Alikuta maji ya kutu na mizizi miembamba iliyosokotana, ile ile inayopenya kwenye mabomba ya zamani ikitafuta maji. Mimi mizizi hiyo naifahamu, nimeikata sana. Ukiikuta gizani, imelowa, mtu anaweza kuidhania chochote. Nilijaribu kuliamini hilo. Siku nyingine bado najaribu.

Kuhusu sauti sikujaribu.

Mwalimu akasema sasa yote yang'olewe. Binti wa binamu yake alikuwa amemwomba miaka mingi akakae naye, safari hii Mwalimu amekubali, na nyumba itapangishwa. Lakini hataki kumwachia mtu mwingine kitu kile chini ya sakafu. Kwa hiyo Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, jua kali, nilikwenda na rafiki yangu mwashi. Nilimwambia tunaondoa bomba bovu. Mwashi ni mtu wa mizaha, akaniuliza kama nalipenda sana hilo bomba, maana nimekuja nimevaa kama naenda kuposa. Sikucheka, naye akaacha.

Mwalimu alikuwa chumbani anafunga masanduku.

Mwashi akavunja saruji. Chini yake udongo mkavu, mgumu, mwekundu. Tukachimba kulifuata bomba. Halikwenda upande wowote. Lilishuka wima, kama mita moja na nusu, likaishia hapo. Halikuunganishwa na kitu. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Mwashi alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni. Akachokoa kwa sururu chini ya ule mdomo, udongo ukaporomoka, pakafunguka tundu. Akainama kutazama. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama tundu.

"Hebu njoo," akasema. Mzaha ulikuwa umemtoka.

Nikashuka, nikamulika.

Kulikuwa na kishimo, kimejificha chini ya bomba. Si kikubwa. Mtu mzima angeenea akikaa amekunja magoti, kichwa kimegusana na mdomo wa bomba. Udongo wa pembeni haukuwa na alama ya jembe wala ya mnyama. Ulikuwa umesuguliwa ukalainika, unang'aa kama ndani ya chungu. Chini palikuwa pamebonyea mahali pawili, na nyuma pamebonyea kwa mgongo. Kile ni kiti kilichokaliwa miaka mingi. Sihitaji kuelezwa na mtu, kitu cha namna hiyo nakijua nikikiona.

Hakukuwa na mfupa, kitambaa, wala unywele mmoja. Hapakuwa na njia ya kuingia wala ya kutokea. Nilizungusha tochi pande zote mara mbili.

Mwashi akaingiza mkono, akaugusa ule udongo wa chini kwa kiganja. Akautoa haraka, akaufutia kwenye suruali.

"Pana joto," akaniambia kwa sauti ndogo. "Kama kiti mtu anapoinuka."

Tukatazamana. Hakuniuliza kitu, nami sikumweleza. Tuliurudisha udongo kwa sepetu na kwa mikono, tukalifukia shimo, tukashindilia, tukamwaga zege nene kuliko ya msingi wa ghorofa.

Tulipokuwa tunalainisha, Mwalimu akatokea mlangoni mwa jikoni na mkoba wake begani. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani. Alionekana mdogo, kama wiki ile imempunguzia miaka kumi. Akatazama zege, akanitazama mimi.

"Mmekuta nini?"

Mwashi akainamisha kichwa, akaendelea kulainisha mahali palipokwisha kulainika.

"Hakuna kitu, Mwalimu," nikasema.

Akashusha pumzi. Akatikisa kichwa mara moja, akatuaga, akatoka kwenda kupanda gari la binti wa binamu yake.

Sikumdanganya. Mule ndani hakukuwa na kitu tena.